Kumtafuta Mnoaji wa Misumeno Mpakani

Tangu Jumamosi ile mmekuwa mkiniuliza swali lile lile, getini, kantini na hata kanisani: ulitumwa kumleta Patrick, mbona ulirudi peke yako? Nimewajibu kwa mkato hadi wengine mnaona nimeota kiburi. Sasa nimeandika yote mara moja. Mkishasoma, naomba mniache ninywe chai yangu kwa amani.

Walioajiriwa juzi hawamjui Patrick, kwa hiyo nianze naye. Patrick Emuria alinoa misumeno ya kiwanda hiki chetu cha Elburgon kwa miaka mingi kabla watu hawajapunguzwa. Alikuwa wa kabila la Wateso, mrefu, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyenifundisha kushika tupa bila kujikata vidole. Alipoachishwa kazi alirudi kwao na mkewe. Akatuandikia barua moja tu, kwamba yuko mpakani anapakua malori. Halafu kimya. Mwezi uliopita mnoaji wetu akaacha kazi ghafla, msumeno mkubwa ukasimama, na msimamizi akaniita ofisini.

"Mwangi, nenda kamlete Patrick. Nafasi naiweka mpaka Jumamosi saa sita mchana. Ikipita hapo, nampa yeyote aliye getini."

Mnawajua walio getini, wanavyosimama kila asubuhi na vyeti vyao ndani ya karatasi za plastiki. Ilikuwa Jumatatu. Nafasi moja, siku sita.

Elburgon hadi Ugunja

Niliondoka na lori letu lililokuwa likipeleka mbao Busia, dereva akiwa Njuguna. Kericho tulipita vizuri, Kisumu tukanywa chai, na nikaanza kujipongeza kwamba kesho yake ningekuwa nimeshamwona Patrick. Karibu na Ugunja springi ya nyuma ikakatika. Lori likainama upande mmoja na mbao zikalia.

Hata hatujashuka, watu wanane walikuwa wameshafika. Walivaa mashati yaliyopigwa pasi, na ilikuwa saa tisa alasiri siku ya kazi. Mmoja alishika jeki, mwingine akashika mpini wa jeki, wa tatu akawa anamshikia wa pili koti. Nilimuuliza Njuguna kama wote hao ni mafundi. Akacheka, akasema mafundi hapo ni mmoja na nusu.

Nilimkalia karibu mzee mmoja aliyekuwa akipanga nati zetu juu ya gazeti kwa ukubwa, akiandika namba kando ya kila moja kwa kalamu ya wino. Hati yake ilikuwa nzuri mno.

"Mzee, wewe ni makanika?"

"Mimi nilikuwa karani ya serikali," akasema. "Walitupunguza. Sasa hapa tunangojanga gari iharibike."

Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayekutajia saa zake za ofisi. Nikamuuliza kama magari huharibika mara nyingi. Akafikiri, akasema mwezi huu umekuwa mzuri, kuna shimo jipya. Kisha akaona nimeshtuka, akaongeza kwa upole kwamba hawakulichimba wao.

Springi ilitengenezwa na kutengenezwa tena. Tulilala hapo, tukala nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja hadi yakalainika vizuri. Jumanne yote ikaishia barabarani. Lakini nati zetu zilirudi zote, kila moja mahali pake.

Busia: mdomo wangu

Busia tuliingia Jumanne jioni. Jumatano asubuhi nilimwacha Njuguna akishusha mbao, nikaenda kwenye mstari wa baiskeli za abiria zinazovusha watu mpaka. Nilimchagua kijana mmoja aliyeshonea kiti chake cha nyuma kitambaa chekundu chenye shada. Jina lake Barasa, mtu wa Nambale, mke na watoto wawili.

Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Nilisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya mstari mzima, "Namtafuta mtu anaitwa Patrick. Kuna kazi yake kwetu Elburgon."

Barasa alifumba macho kama aliyeumwa jino.

Ndani ya nusu saa nilikuwa na Patrick watatu. Wa kwanza alikuwa na kipande cha kitambulisho kinachoonyesha kweli anaitwa Patrick, na alinishangaa kwa nini siridhiki. Wa pili alikuwa Peter, lakini alieleza kwamba hata hilo ni jina la kanisa vilevile. Wa tatu hakuja mwenyewe, alikuja mama yake, amebeba cheti chake cha fomu foo na barua ya padri. Nyuma yao watu wengine kumi na zaidi hawakujisumbua kuwa Patrick. Walinyoosha vyeti tu.

"Boss, soma tu," alisema mmoja. "Hata kama hautanichukua, soma."

Nikasoma. Ningefanya nini? Nilisoma vyeti vyote, nikisema "vizuri, vizuri sana" hadi mdomo ukakauka, na kila niliyemrudishia alinishukuru kama niliyempa kitu. Ilipofika saa sita Barasa, niliyekuwa nimemsimulia ile barua, alinivuta kando.

"Boss, hapa unaweza kusema una dhahabu kwa mfuko, hakuna mtu atakusumbua. Lakini kazi usitaje." Akafuta jasho. "Na huyo mtu yako anapakua lori kubwa? Basi hayuko Busia. Hiyo ni Malaba. Mipaka ni mbili."

Mimi na msimamizi wetu, kwa elimu yetu yote, tulidhani mpaka ni mmoja.

Ningeondoka saa ile ile. Sikuondoka, na sitawadanganya sababu. Nilitaka kuona. Nilisimama mchana mzima pale kwenye kizuizi nikitazama walemavu wakivuka na baiskeli zao za magurudumu matatu, wamekalia mizigo ya sukari na sabuni hadi huoni kiti, wakiwapita askari wakisalimiana kwa majina. Niliuliza kila kitu: nani anasukuma, nani anapakia, zamu zinakwendaje. Walinijibu kwa subira. Mtu asiye na kazi ya haraka ana muda wa kukueleza, na mimi nilijifanya mmoja wao ilhali nilikuwa nimetumwa.

Jioni nililetewa omena, dagaa wa ziwani kutoka Sio Port, na ugali wa rangi ya kahawia. Sisi tumezoea mweupe. Nikamuuliza mama mpishi kwa adabu kama unga umeungua.

"Huyu ametoka wapi?" aliwauliza wengine, si mimi. "Hiyo ni wimbi na muhogo. Mwenye ameungua ni wewe."

Meza nzima ilinicheka hadi nikacheka nami. Nilikula nikamaliza, nikaongezewa bila kuomba.

Kwenda Malaba

Alhamisi alfajiri Barasa alinibeba kwa baiskeli yake kuelekea Malaba. Si karibu. Penye mlima tulishuka tukasukuma sote wawili, na hapo ndipo tulipozungumza. Alikuwa amemaliza fomu foo kwa alama nzuri, akaomba ualimu, akaomba posta, akaomba jeshi.

"Jeshi walisema kifua yangu ni ndogo," alisema. "Nikawaambia niandikeni, itakua."

Baadaye kidogo, akitazama mbele, akauliza kunoa msumeno kunachukua muda gani kujifunza. Nikasema mwaka, ukiwa na mkono mzuri. Akasema yeye anashika haraka. Nikasema msimamizi anamtaka anayejua tayari. Akasema, "Ni sawa, boss," akapanda baiskeli, nami nikapanda nyuma yake, nikitazama mgongo wake ulivyolowa.

Tulifika Malaba kabla ya saa nane. Foleni ya malori ilikuwa imeanzia mbali, madereva wanafua nguo na kuzianika kwenye vioo. Barasa aliuliza kwa sauti ya chini, safari hii yeye ndiye aliyeuliza, na tukaelekezwa kwenye ghala ambako mizigo hushushwa na kuhamishwa.

"Patrick Emuria? Yuko," alisema muuza karanga mlangoni. "Jina yake inaitwa sasa hivi, baada ya chakula."

Moyo wangu ulifurahi kweli. Wapakuzi walikuwa wamejipanga ukutani, na nyapara, mtu mnene mwenye filimbi, alikuwa akisoma orodha huku karani wa ghala akitia alama kwenye daftari lake. Kila jina likijibiwa, mtu anavuka upande wa pili. Walioachwa bila jina walikuwa wengi kuliko walioitwa, nao walibaki wamesimama, tayari, ikiwa mmoja hatajibu.

"Patrick Emuria."

"Yuko!"

Akavuka mtu mfupi, mweusi tititi, mwenye pengo la jino. Hakuwa Patrick wala hakufanana na Patrick hata kwa ukoo.

"Lakini huyu si..." nilianza, kwa sauti.

Barasa alinikanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Karani akainua kichwa. Nyapara akanitazama, akamtazama yule mfupi, kisha akapuliza filimbi kana kwamba nilichosema ni kikohozi, na kazi ikaanza.

Yule mfupi alitujia alipopewa mapumziko. Jina lake la kweli Wafula.

"Mzee, ungenimaliza," aliniambia. "Unataka nini na Patrick?"

Nikamweleza polepole. Akaniacha nimalize, kisha akaketi juu ya gunia.

"Patrick alikufa. Mwaka jana. Aliugua sana, kifua."

Nilikuwa nimembeba Patrick kichwani siku nne nzima, nikipanga nitakavyomtania njiani, na muda wote huo alikuwa mchangani. Machozi yalinitoka hapo hapo mbele ya watu nisiowajua. Wafula alinisubiri.

Kisha akanieleza. Ukiwa kwenye orodha ya nyapara, una kazi. Ukifa, karani anakata jina lako na nafasi inakwenda kwa mtu wa mwenye ghala, wala si kwa aliyesimama ukutani. Kwa hiyo Patrick alipoanza kuugua, rafiki zake wawili, Wafula na Omuse, walijibu badala yake kwa zamu. Alipozikwa waliendelea kujibu.

"Wiki ina siku sita," alisema. "Mimi nafanya tatu, Omuse tatu. Lakini pesa ya siku moja yangu na siku moja ya Omuse ni ya mama, bibi ya Patrick. Hiyo ni yake. Jina ni ya bwana yake."

"Na nyapara hajui?"

"Nyapara alikuwa mazishi. Alibeba jeneza." Akainuka, filimbi ilikuwa imelia. "Mwenye hajui ni karani peke yake. Enda Amukura umwone mama. Mwambie kuna kazi iliita Patrick. Ni vizuri ajue."

Amukura

Barasa alinipeleka Amukura jioni ile ile. Mke wa Patrick, Kolasita, tulimkuta ameketi nje ya nyumba ya kusagia unga, msumeno wa wapasua mbao umebanwa kati ya vipande viwili vya ubao, tupa mkononi. Nilimjua mara moja, na wengine wenu mnamkumbuka: ndiye aliyekuwa akimletea Patrick chakula hapa kiwandani na kusimama mlangoni akimtazama akinoa, tukadhani anangojea sahani.

Nilimpa pole. Akanipa kiti, maji na habari za watoto. Kisha nikamwambia nilichotumwa, kwamba mlikuwa mmemtengea Patrick nafasi yake ile ile.

"Ni msumeno gani?" akauliza. "Ule wa duara, mkubwa, ama mwingine?"

"Ule ule."

"Yule aliyeacha, tangu walipokuwa pamoja na Patrick, alikuwa anauacha na joto. Patrick alisema siku moja utapata ufa."

Akaendelea na kazi yake nami nikimtazama, kwa sababu kutazama ndiko ninakojua. Alipindisha meno moja kushoto moja kulia, akafumba jicho moja na kuupima ukingo wote. Alipomaliza aliugonga ubapa kwa mpini wa tupa, akainamisha sikio kusikiliza kama kuna ufa ndani. Hivyo ndivyo Patrick alivyofanya. Wapasua mbao wawili waliokuwa wakiungojea waliupokea bila hata kuukagua. Nilikagua mimi. Jamani, mimi nimeshika tupa miaka yote hii na sijawahi kutoa meno kama yale.

"Ule wa duara umewahi kuunoa?" nikamuuliza.

"Kuna fundi huku ako na mdogo. Kila mwezi ananiletea." Akaifuta tupa kwa kitambaa. "Nichukue mimi. Kazi iliita nyumba hii. Watoto watakaa na mama yangu, na Wafula na Omuse watajigawia siku zote sita."

Barasa alinitazama. Angeweza kuona wivu, maana alikuwa ameitamani nafasi hiyo hiyo mlimani asubuhi. Akasema tu, "Boss, huyu anajua."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo swali lenu lilipo. Nilijua kwamba anajua. Kilichonijia kichwani si msumeno, ni nyinyi. Niliona nyuso zenu pale getini, nashuka garini na mwanamke na kikapu cha tupa. Nikasikia utani mtakaonitania mwaka mzima. Nikamsikia msimamizi akisema nilitumwa kuleta fundi nikaleta mjane. Niliogopa, hakuna neno lingine.

"Wacha nikamuulize msimamizi kwanza," nikasema. "Akikubali nitakutumia neno."

"Sawa," akasema Kolasita.

Nililala kwa jirani yake. Ijumaa asubuhi, tulipotoka kwenda barabarani na Barasa, Kolasita alikuwa ameshafika kituoni. Amevaa gauni la kanisani, begi miguuni, tupa zimefungwa kwa kanga.

"Nilifikiri labda umebadilisha mawazo usiku," aliniambia.

Nilirudia yale yale, safari hii kwa maneno mengi zaidi, jinsi msimamizi alivyo mkali, jinsi ambavyo ni lazima kufuata utaratibu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akajitwika begi akarudi nyumbani kwa miguu, hakukimbia wala hakugeuka. Barasa alinifikisha Malaba. Nilipomshukuru kwa siku zote zile alisema karibu tena, kwa sauti unayomwambia abiria yeyote.

Malaba hadi getini

Nilipata lori la mafuta lililokuwa likirudi tupu kupitia Eldoret, dereva mpole aliyenigawia ndizi. Siku zote hizo sikuwahi kukosa cha kuuliza, lakini njia ile nzima sikumuuliza hata jina lake.

Jumamosi saa nne asubuhi nilishuka hapa getini. Mlikuwepo wengi. Msimamizi alitoka mwenyewe, akatazama nyuma yangu.

"Fundi yuko wapi?"

Nikamwambia Patrick amefariki. Akavua kofia, akasikitika kweli. Mimi, ili nisionekane nilikwenda bure, nikamweleza habari za Kolasita, meno yale, ule ufa anaousikiliza kwa sikio.

"Ulimwona akinoa, kwa macho yako?"

"Nilimwona."

"Na alikuwa tayari kuja?"

"Alikuwa kituoni na begi."

"Basi yuko wapi?"

Nikasema nilitaka kwanza nije nimuulize, kwa kuwa ni mwanamke.

Akairudisha kofia kichwani. "Mwangi, nilikutuma mtu wa kunoa msumeno. Patrick akikosekana, mimi nilikwambia lazima awe mwanamume?" Akatoa saa yake mfukoni. Saa mbili zilikuwa zimebaki, na Amukura kulikuwa safari ya siku nzima. Nilimwomba aningoje hadi Jumatatu. Akasema kiwanda kimesimama wiki mbili na watu wanataka mishahara. Saa sita kamili alimwita mmoja wa walio getini, yule mnayemwona sasa, ambaye bado anajifunza na mbao zetu zinatoka na alama nyeusi za kuungua. Msimcheke. Hakumnyang'anya mtu kitu.

Nilimtuma Njuguna alipokwenda tena Busia ampe Barasa ujumbe wa kupeleka Amukura: nafasi imejazwa, kosa ni langu, anisamehe. Wiki iliyofuata Njuguna alirudi na jibu. Barasa alikuwa amekwenda mwenyewe kwa baiskeli. Kolasita alimwambia anishukuru, kwamba watu wengi wamewahi kumwahidi kumtumia neno, na mimi ndiye wa kwanza aliyelituma.